Mama anabonyeza, hakitokei kitu: maswali yenu kuhusu kudizaini jarida la kwenye simu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba siku hizi Mwanza vijana wengi wanaanzisha majarida ya kidijitali ya maisha, yaani mitindo, mapishi, harusi, sehemu za kutoka wikiendi, na nikasema mengi yanapendeza kwenye laptopu ila ukilifungua kwenye simu unahangaika. Basi meseji zikaanza kumiminika, nyingine saa sita usiku. Nimechukua sita, zilizobaki zinafanana na hizi. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo dada, pole na majukumu. Nasoma chuo huku Malimbe, mimi na wenzangu wawili tumetoa toleo la kwanza la jarida letu, kurasa 36, nimelidizaini mwenyewe kwenye InDesign, ile programu ya Adobe ya kupangia kurasa, usiku usiku baada ya vipindi. Nimeweka vitufe, picha zinazobadilika ukizigusa, maneno yanayoingia yenyewe kutoka pembeni, na video ya dada anasuka nywele mwanzo mwisho, video peke yake MB 48. Nikiangalia mulemule kwenye programu kila kitu kinacheza. Nikatoa PDF nikaitupia kwenye grupu la darasa na la familia, watu wanasema video ni boksi tu, picha hazibadiliki, na mama ndo kaniumiza zaidi, kapiga simu anasema mwanangu nabonyeza nabonyeza hakitokei kitu. Nimekosea wapi?
Binti wa Malimbe

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kurasa 36 watu watatu na masomo juu sio kazi ndogo. Kwanza nikutoe wasiwasi, mkono wako hauna shida, shida ni chombo ulichopakia mzigo. PDF ilitoka kwa Adobe mwaka 1993 kwa kazi moja, ukurasa ufunguke vilevile kwenye mashine yoyote bila herufi kuhama, yaani ni ukurasa uliogandishwa. Baadaye wakaongeza mambo ya vitufe na video lakini hayo yanataka programu inayoyaelewa, kwenye kompyuta yenye Acrobat, kisomeo cha PDF cha Adobe wenyewe, video inaweza ikacheza, ila simu ya mama inafungua PDF kwa kisomeo chochote kilichomo humo na vingi vya hivyo vinajua vitu vitatu tu, maandishi, picha na linki. Na hizo picha zinazobadilika pamoja na maneno yanayoingia yenyewe ndo kabisa, InDesign haivipeleki kwenye PDF hata ukitaka, vinaishia mulemule kwenye kidirisha cha kutazamia, ndo maana kwako vilicheza.

Nikuonye na jambo moja maana najua utaingia YouTube kutafuta. Kuna masomo mengi ya zamani yanayokuelekeza upachike Flash, teknolojia ya zamani ya Adobe ya kuchezesha picha na video, ndani ya PDF ili vitu vicheze, na yameelezwa vizuri kweli, unaweza ukapoteza wikiendi nzima. Flash Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020 na mwezi uliofuata wakaizuia isicheze kabisa. Ukiona somo linataja faili la SWF, ndo faili la Flash hilo, funga.

Sasa ufanyeje. InDesign yenyewe ina sehemu inaitwa Publish Online, unapandisha jarida, unapewa linki, mtu anaifungua kwenye brauza na vitufe na video vinacheza. Kwa toleo hili ambalo tayari unalo fanya hivyo hata leo jioni, mama aone kazi yako. Ila hapo umetibu homa tu, ugonjwa wenyewe bado upo, na ugonjwa ni upana. Chukua rula upime. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kioo cha simu nyingi tunazotumia kiko kama milimita 70, kwa hiyo ukurasa wako ukiingia wote kwenye kioo umepungua mara tatu, herufi uliyoiandika kwa pointi 10 mama anaiona kama pointi 3 na kitu. Hapo lazima avute kwa vidole viwili, asome mstari nusu, asukume kulia amalizie, arudi kushoto, amepotea yuko mstari gani. Kitufe kilichokuwa kikubwa kama kidole gumba kwenye laptopu yako kwake ni kama punje ya mchele.

Kwa hiyo toleo la pili usianze na ukurasa, anza na stori. Kila stori iwe ukurasa wake wa wavuti, maandishi yajipange yenyewe kufuata upana wa kioo kilichopo, njia ambayo Mmarekani mmoja anaitwa Ethan Marcotte aliipa jina mwaka 2010 na leo ndo kawaida ya wavuti nzima. Chora kwanza kwenye fremu ya pikseli 360, hiyo ndo simu ya kawaida, ukimaliza hapo ndo upanue iende kwenye laptopu. Wengi tunafanya kinyume, tunachora kikubwa kinapendeza alafu tunakibana, na kubana ndo kunakoua.

Tuichukue hiyo stori ya nywele maana ndo nzuri kuliko zote ulizonitajia. Msomaji anayetaka kusuka mtindo ule hataki kuangalia video yote, anataka kujua hatua aliyokwama. Kata ile video vipande vitano, kugawa, kuanza mstari, kuunganisha rasta, kushuka, kumalizia na maji ya moto, kila hatua picha moja kubwa ya upana wa kioo na chini yake mistari miwili ya maelezo, na pembeni kitufe cha kuona kipande kile tu kikicheza sekunde kumi. Sasa kitufe kina kazi. Dada amekaa kwenye kigoda na nywele za mtu ziko mkononi, anagusa mara moja, anaona vidole vinavyopita, anaendelea. Hayo ndo mambo ambayo karatasi haikuweza kumpa na hapo ndo penye utamu wa hii kazi yetu.

Mimi kabla sijaweka kitufe chochote najiuliza, akishagusa anapata nini ambacho nisingeweza kumwonyesha tu bila kumsumbua? Kama jibu hamna, nakionyesha wazi. Maneno yanayoingia yenyewe kutoka pembeni yanamfanya asubiri kusoma, toa. Picha nne zilizofichwa chini ya picha moja, kama zote ni nzuri zipange zishuke tu, mtu anasukuma kioo juu na dole gumba bila hata kufikiria, ndo mwendo aliouzoea kuliko wote. Lakini mapishi ya dagaa wa nazi ambayo msomaji anagusa "watu 4", "watu 10", "watu 50" na vipimo vyote vinabadilika, hapo umemsaidia mama aliyeachiwa jiko la kitchen party, hapo weka kitufe na kiwe kikubwa. Gauni moja la kitenge ambalo ukigusa kipande cha kitambaa hapo chini linabadilika rangi mwilini mwa yuleyule mwanamitindo, weka. Ramani ya sehemu za kula sato kuanzia Capri Point mpaka Kirumba, chora yako nyepesi yenye vidoti vinavyofungua bei na saa za kufungua, weka.

Na ukimaliza usijaribie mezani. Mimi najaribia kwenye kivuko cha Kamanga, nakwambia ukweli hiyo ndo shule yangu. Siku moja nilikaa pembeni ya dada mmoja ana mtoto mgongoni, mkono wa kushoto kashikilia mfuko wa michembe usidondoke, mkono wa kulia simu, kioo kimepasuka kona moja, jua la saa saba linapiga juu ya maji linarudi usoni. Alikuwa anasoma mambo ya mapambo ya sebule. Dole gumba lake lilifika katikati ya kioo na chini, kitu chochote kilichokaa juu kona ya kushoto hakukigusa safari nzima, na menyu ya jarida lile yote ilikuwa imejificha palepale juu, kwenye vile vistari vitatu. Kwake menyu haikuwepo. Tangu siku hiyo menyu zangu zote zinakaa chini. Ndo maana nasema panda kivuko au daladala la Igoma, mpe simu mtu usiyemjua, usimwelekeze chochote, kaa kimya uangalie dole gumba linakwenda wapi.

Habari yako dada. Mimi ni dizaina wa siku nyingi, kadi za harusi, kalenda, mabango, ofisi iko Igoma. Nimepewa kazi ya jarida la onlaini nikachukua templeti nzuri sana ya Kiingereza, nikaweka maneno ya Kiswahili kila kitu kikaharibika, vichwa vya habari vinakatika ovyo au vinatoka nje ya kioo, aya zina mapengo kama meno. Ni fonti au ni mimi?
Fundi wa Igoma

Salama kaka yangu, na swali lako nalipenda maana watu hawalisemi. Sio wewe. Templeti ile imepimwa kwa maneno mafupi ya kwao. Sisi kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima tumboni. Hebu hesabu "wanaojishughulisha", ni herufi 18 bila nafasi hata moja, "tutakapowakaribisha" ni 19. Kwenye simu mstari mmoja wa maandishi unachukua kama herufi 35 mpaka 40, kwa hiyo neno moja tu linakula nusu ya mstari, likikosa nafasi linashuka lote na kuacha shimo.

Sasa ukiongeza na ile tabia tuliyotoka nayo kwenye kuchapa, ya kunyoosha aya pande zote mbili kushoto na kulia, kompyuta inalazimika kutanua nafasi kati ya maneno ili mstari ujae, ndo hayo mapengo. Kwenye safu pana ya gazeti haionekani sana, kwenye kioo cha simu inaonekana ukiwa umesimama mbali. Nyoosha kushoto tu, kulia acha kukae kunavyokaa. Najua mkono wako utakataa, wangu pia ulikataa mwanzoni, nilihisi kazi haijaisha, lakini jisomee aya mbili zilezile kwa sauti, moja imenyooshwa na moja haijanyooshwa, utaona ni wapi ulimi unajikwaa.

Vichwa vya habari ni hesabu tu. Fonti ya kawaida nene kidogo, herufi moja inakula zaidi ya nusu ya saizi yake kwa upana. Ukiandika "Wanaojishughulisha" kwa pikseli 40 ni kama pikseli 22 mara 18, unapata karibu 400, na kioo ni 360 na kingo unazotakiwa kuacha. Lazima litoke nje. Shusha mpaka 30, linakuwa karibu 300, linakaa. Au ubadilishe kichwa cha habari, na hapa ndo dizaina na mwandishi inabidi wakae meza moja, maana "Wanaojishughulisha na ususi" inaweza ikawa "Wasusi wa Mlango Mmoja" na ikawa nzuri zaidi. Usiogope kumrudishia mwandishi kichwa chake. Mwambie kaka, hiki hakiingii, nipe kingine.

Na kukata neno, lugha yetu ina bahati, silabi karibu zote zinaishia na irabu, unakata baada ya irabu na hukosei, wa-na-o-ji-shu-ghu-li-sha. Kuna alama laini ya kukatia unaipachika ndani ya neno refu, haionekani mpaka neno lifike mwisho wa mstari ndo linakatika hapo. Itumie kwenye vichwa vya habari, kwenye aya acha. Ila usitenganishe sh, ny, mb, na hasa ng' na irabu yake.

Hiyo ng' ndo kipimo changu cha fonti. Sisi huku majina yamejaa ng'w. Kabla hujanunua fonti ya maringo ya kichwa cha habari iandikie "Ng'wanamalundi" uitazame kwa karibu, fonti nyingi za urembo kile kialama cha juu wamekichora kwa haraka, kinaacha uwazi mkubwa mpaka jina linasomeka kama maneno mawili, au kinakaa kama alama ya kunukuu iliyogeuka. Mtu jina lake likitoka vibaya kwenye jarida anaumia, hata asiposema. Fonti ikishindwa hapo nairudisha, haijalishi mengine inapendeza vipi.

Dada naomba unielekeze programu ya kufanya kurasa zigeuke kama karatasi na ile sauti yake ya shwaa. Wateja wanaipenda.
Kijana wa Buzuruga

Wateja wanaipenda siku unapowaonyesha. Mdogo wangu kwenye kioo kipana inapendeza kweli, kwenye simu kurasa mbili zikifunguka pamoja kila moja inabaki nusu ya kioo, na hesabu ya A4 nimeshaieleza hapo juu, sasa igawe tena mara mbili. Alafu ukurasa unaogeuka mara nyingi ni picha ya ukurasa, sio maandishi, kwa hiyo msomaji hawezi kutafuta neno, hawezi kunakili namba ya fundi, na asiyeona vizuri simu yake haiwezi kumsomea kwa sauti. Makosa haya yalishafanywa na wakubwa. Mwaka 2010 iPad ilipotoka, jarida la Wired la Marekani lilitoa toleo lake la kwanza la kwenye iPad, watu wakalisifu sana, lakini lilikuwa na uzito wa karibu MB 500 kwa sababu kurasa zilihifadhiwa kama picha, tena mara mbili, za kusimama na za kulala. MB 500, toleo moja. Mpe mteja simu yake mwenyewe alisome mwanzo mwisho, ndo uzungumze naye habari ya shwaa.

Mimi sio dizaina, mimi ni msomaji tu, mwalimu huku Nansio. Napenda haya majarida yenu lakini bando la wiki linaisha siku mbili na mtandao wenyewe huku ukisogea kidogo unakata, stori inaganda katikati. Hivi mnaotengeneza mnatukumbuka?
Mwalimu wa Ukerewe

Shikamoo mwalimu. Wengi hatuwakumbuki, naomba niwaseme wenzangu hapa kwa niaba yako.

Jamani, picha inayotoka kwenye kamera ya simu siku hizi ina upana wa pikseli 4000 hivi na uzito wa MB 3 mpaka 5. Kioo cha mwalimu hakiwezi kuonyesha hata theluthi ya hizo pikseli. Anazilipia zote, simu inazitupa. Punguza upana ufike 1080 (hizi ni pikseli halisi za kioo, zile 360 za juu ni kipimo cha kuchorea tu), hifadhi kwa ubora wa 75 kwenye JPEG au tumia WebP, aina nyingine ya faili la picha, picha ileile inashuka mpaka KB 150 au 200 na macho hayajui tofauti, nimejaribu na picha ya dagaa wameanikwa mwaloni, kitu chenye vidoti vidogo vidogo vingi ambacho ndo kigumu kuliko vyote kubana, ikabaki vizuri. Stori yenye picha 20 ilikuwa inakula MB 80, sasa inakula 4. Hiyo tofauti ni hela ya mtu.

Picha za chini zisishuke mpaka msomaji azikaribie, ni neno moja tu unaongeza kwenye HTML, yaani kodi ya ukurasa wa wavuti, mwambie fundi wako wa tovuti aweke loading="lazy", dakika mbili kazi imeisha. Video isijianzishe, kamwe, weka picha ya kusimama na kitufe na uandike pembeni yake kwa herufi zinazosomeka "dakika 1, MB 6" ili mtu aamue mwenyewe. Naona watu wanaona aibu kuandika MB, wanadhani inashusha hadhi ya jarida. Mimi naona inamheshimu msomaji kuliko kurasa zote za karatasi ya kung'aa.

Na hilo la kuganda katikati, mwalimu, linawezekana. Kuna njia ya kuandika tovuti ikajihifadhi kwenye simu, ukiwa na mtandao hapo Nansio mjini unagusa "hifadhi toleo hili", maandishi na picha zinashuka zote, ukirudi nyumbani au ukipanda meli kuja Mwanza unasoma bila mtandao kabisa. Jarida la kila mwezi ambalo halibadiliki likishatoka limeumbwa kwa ajili ya njia hii. Tunaoandika hapa tumeanza nayo kwenye safu ya mapishi, nakuomba ujaribu uniandikie ilivyokwenda ukiwa katikati ya maji.

Nina mteja wa matangazo, ana duka la vitenge Makoroboi, analipa vizuri kuliko wote, ila anataka tangazo lake liruke lifunike kioo kizima mtu akifungua tu stori. Alafu anataka tufanye chemsha bongo, mtu aweke jina na namba ya simu ashinde doti ya kitenge. Nimkubalie?
Mhariri, Nyegezi

La kwanza mkatalie kwa upole na umpe kilicho bora. Nilishawahi kukubali tangazo la hivyo kwa mteja mmoja, alama ya kufungia tukaiweka ndogo kama alivyotaka ili watu "wasikimbie haraka", matokeo yake watu waligusa tangazo kwa bahati mbaya, likawapeleka dukani wasikotaka, wakarudi na hasira na wengine hawakurudi. Yeye akaona watu wengi wamegusa akafurahi, mwisho wa mwezi hakuna aliyenunua. Niliumia maana wasomaji wale tuliwakusanya mmoja mmoja.

Kitu cha kuguswa kina kipimo, Google kwenye mwongozo wao wa Android wanasema dp 48 kwa 48, dp ndo kipimo chao cha kioo, ni kama milimita 9 kila upande, upana wa ncha ya kidole, Apple wanasema pointi 44. Kama tangazo lazima lifunike, alama ya kufunga iwe na ukubwa huo. Lakini mwonyeshe hivi: ukurasa wake mmoja katikati ya stori ya kushona, umeandikwa juu "Tangazo", vitambaa sita, ukigusa kimoja kinajaa kioo ukaona ua lake lilivyo kwa karibu, chini kitufe kimoja cha kuuliza bei kinachofungua WhatsApp yake moja kwa moja na ujumbe umeshaandikwa, "Habari, naulizia kitenge namba 4". Hiyo ni linki ya kawaida tu. Muuzaji wa kitenge anajua mteja akishashika kitambaa mkononi amekaribia kununua, mweleze kwa lugha hiyo.

Chemsha bongo ni sawa ila hapo umeshika taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chukua namba ya simu tu, kama zawadi inachukuliwa dukani jina la nini? Andika palepale juu ya kitufe namba itatumika kwa kazi gani na itafutwa lini, alafu ifute kweli, na usimpe mwenye duka orodha hata akisema ndo alichokilipia. Na kama hamjafanya hivyo, piteni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ofisi ya Kanda ya Ziwa mkaulize kama jarida lenu linahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni, kanuni zilianza 2018 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja, ukiuliza mtu wa mtaani atakupa jibu la miaka mitano iliyopita.

Mwanangu ndo ananiandikia hii. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba. Walikuja vijana na kamera wakanipiga picha, wakasema mama utatoka kwenye jarida letu kwenye simu. Wamenitumia, nimefungua, naona picha ya mitumbwi tu. Maandishi yenyewe meupe meupe siyaoni. Mwanangu naye kaangalia. Sijioni.
Mama wa Kirumba

Shikamoo mama. Nimelitafuta hilo jarida nikalifungua, na upo, umependeza sana, umeshika ungo na unacheka. Wamekuweka picha ya tatu, ndani ya zile picha zinazopita kwa kusukuma pembeni, na hawakuacha dalili yoyote kwamba nyuma ya mitumbwi kuna nyingine, isipokuwa vidoti vitano vidogo chini, vya kijivu juu ya maji ya kijivu.

Vijana, najua mtasoma hapa. Kama lazima picha zipite pembeni basi ya pili ichungulie, ionekane kipande chake ukingoni mwa kioo, mkono utajua wenyewe wa kwenda. Andikeni "1 kati ya 5" kwa maneno. Yale maandishi ya kijivu laini juu ya nyeupe yapimeni, mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kufanya wavuti itumike na kila mtu hata asiyeona vizuri, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, vipimo vya bure viko mtandaoni, yenu nimeyapima yako chini ya 3, na huyu mama anayasomea juani. Pia mmeizuia simu isikuze, mtu akivuta kwa vidole viwili kioo hakitikisiki, ondoeni hilo leo. Na picha yake ipandisheni iwe ya kwanza, stori ni ya kwake, mitumbwi inaweza kusubiri.

Mama, wakati wanarekebisha fanya hivi. Kaa kivulini. Fungua ileile linki waliyokutumia, ukiona mitumbwi weka kidole katikati ya picha, usibonyeze, kiburute taratibu kwenda mkono wa kushoto, itakuja picha ya nyavu. Buruta tena mara moja.